Bajeti isiyo na nakisi, na ankara isiyolipwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mkandarasi mdogo huku Pwani ya Kenya. Tangu vijana waandamane Juni 2024 nina wimbo mmoja tu: Katiba iwekwe kifungu kwamba serikali isitumie hata shilingi moja zaidi ya inachokusanya. Nyumbani kwangu ndivyo tunavyoishi. Nasikia Wajerumani wanacho kifungu hicho, na majimbo ya Marekani karibu yote. Sisi twashindwa na nini? Nauliza kwa uchungu, maana kuna kaunti (siitaji) niliyoijengea madarasa mawili ya chekechea, nikakabidhi funguo 2021, na hadi leo sijalipwa shilingi milioni 3.8. Sacco nayo yanidai. Serikali ingekuwa na adabu ya fedha, haya yangenikuta?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole. Nitaanzia mkiani mwa swali lako, kwa sababu jibu limelala huko. Kaunti inayokuzungusha tayari inaishi chini ya sheria unayoitaka. Kifungu cha 212 cha Katiba yetu hakiruhusu kaunti kukopa mpaka serikali ya kitaifa iudhamini mkopo huo na bunge la kaunti liuidhinishe, na kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mapato na matumizi ya bajeti yalingane. Itafute bajeti ya mwaka ule uliojenga, uende ukurasa wa jumla. Nina hakika utakuta mapato na matumizi yamelingana hadi shilingi ya mwisho. Nakisi, yaani matumizi kupita mapato, hakuna. Milioni 3.8 zako zimo humo humo, ila huwezi kuziona.

Nikueleze zinavyoingia. Miaka kadhaa nyuma nilialikwa kusaidia kaunti fulani kukamilisha makadirio yake. Ilikuwa mwisho wa Aprili, siku mbili kabla ya kuyapeleka bungeni, saa tano usiku, chai ya tangawizi imeshapoa. Projekta ilikuwa ikimulika jedwali ukutani. Kila mwakilishi wa wadi alikuwa ameshapata barabara yake na kila idara imepata gari lake, na pengo lilikuwa shilingi milioni 340. Bwana wa mapato akauliza, "Maegesho tuliandika ngapi?" Akajibiwa milioni 60. Mwaka uliotangulia zilikusanywa 22. Akaandika 150. Akashuka kwenye vibali vya biashara, akaongeza. Kodi ya ardhi, akaongeza. Alipofika kwenye ada za soko la mifugo pengo lilikuwa limebaki milioni nane, na mtu mmoja nyuma akacheka: "Hizo tupa kwenye mengineyo." Kile kisanduku cha chini, kilichokuwa chekundu usiku kucha, kikageuka kijani. Tukaenda kulala.

Nami nilikuwemo chumbani, na sikusema kitu. Nilikuwa mgeni, nikajipa udhuru kwamba wenyewe wanaijua kaunti yao.

Hayo magari yaliyoandikwa kwamba yataegeshwa hayakuja. Lakini LPO, zile hati za kuagiza kazi, zilikuwa zimeshatoka, na watu kama wewe walikuwa wameshamwaga zege. Ukifika mwezi wa sita fedha zimekwisha, ankara yako inaingia kwenye faili la bili zilizolimbikizwa, na mwaka mpya unaanza na bajeti mpya ambayo nayo imelingana. Kaunti zote 47 zikijumlishwa, bili za namna hii zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 170 katikati ya 2025. Mdhibiti wa Bajeti huzitaja karibu kila ripoti, na kila mara huonya kuhusu makadirio ya mapato yasiyofikika.

Sasa jiulize nani alikopa. Kaunti imekatazwa kukopa benki, ikakopa kwako. Haikukuomba ridhaa, haikukuandikia mkataba wa mkopo, riba haikukupa. Nawe, ili ulipe mafundi na saruji, ukaenda Sacco ukakopa kwa riba. Deni lipo, limetoka tu kwenye daftari la serikali likahamia kwenye passbook yako.

Wala usidhani ni sisi tu. Wamarekani uliowasikia wana historia ndefu ya jambo hili, tena yenye funzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 majimbo manane yalishindwa kulipa madeni waliyokopea mifereji, reli na mabenki. Wananchi wakaghadhibika, katiba zikaandikwa upya, majimbo yakafungwa mikono. Leo jimbo la Vermont peke yake ndilo linalohesabiwa kuwa halina sharti la bajeti kulingana. Lakini katika mengi ya hayo majimbo sharti linabana matumizi ya kawaida tu, mishahara na uendeshaji. Barabara na shule hujengwa kwa hati za mkopo, kwenye kitabu kingine. Huo wenyewe si utapeli. Ni kama wewe kununua unga kwa pesa taslimu na kununua lori kwa mkopo wa Sacco. Ukisema kwamba nyumbani kwako hamtumii zaidi ya mnachopata, ndugu yangu, lile lori umelisahau.

Utapeli uko Illinois. Katiba ya jimbo hilo, ya 1970, inasema matumizi yanayoidhinishwa yasizidi fedha ambazo bunge limekadiria kuwa zitapatikana mwaka huo. Neno la kushika hapo ni "limekadiria", na anayekadiria ndiye huyo huyo anayetumia. Basi kwa miaka wabunge wakakadiria kwa moyo mkunjufu, na zilipokosekana wakaacha kulipa. Kufikia Novemba 2017, baada ya miaka miwili ya mvutano kati ya gavana na bunge ambapo jimbo halikuwa na bajeti kamili, bili zisizolipwa zilikuwa zimepita dola bilioni 16. Hospitali, madaktari wa meno, vyuo vikuu, mashirika yanayotunza wazee, wote walikuwa kwenye foleni moja na wewe. Tofauti ni kwamba wao sheria iliwapa riba kwa ucheleweshaji, kwa bili nyingi asilimia 1 kila mwezi. Yaani jimbo lililotakiwa bajeti yake ilingane lilikuwa likikopa kwa asilimia 12 kwa mwaka, ghali kuliko ambavyo lingekopa sokoni. Na Katiba yake haikuwa imevunjwa.

California nayo, Julai 2009, mapato yalipoporomoka na pengo likafika karibu dola bilioni 26, iliwaandikia watu karatasi za ahadi badala ya hundi: waliongoja kurudishiwa kodi, wauzaji wa vifaa, wengi. Karatasi ilikuwa na riba ya asilimia 3.75. Baada ya wiki moja hivi benki kubwa zikakataa kuzipokea. Wafanyakazi wa jimbo wakapewa likizo bila malipo siku tatu kila mwezi, na ofisi zikafungwa baadhi ya Ijumaa. Huo ndio ugumu wa kifungu kama chako unapokuja mwaka mbaya. Mapato huanguka wakati uleule ambapo watu wanahitaji serikali zaidi, na kifungu kinaiamuru serikali ikate matumizi siku hiyo hiyo.

Kwa serikali kuu yao, Wamarekani wamebishana karne mbili. Jefferson aliandika katika barua ya 1798 kwamba angetamani Katiba iongezewe kipengele kimoja tu, cha kuinyima serikali uwezo wa kukopa. Miaka mitano baadaye, yeye mwenyewe akiwa rais, Ufaransa ikatangaza kuuza Louisiana kwa dola milioni 15, akakopa. Simcheki, angengoja akusanye kwanza, nchi yake ingebaki nusu ya ukubwa ilioupata wakati ule. Januari 1995 kipengele cha bajeti kulingana kilipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 300 kwa 132, kikaangukia Seneti Machi kwa upungufu wa kura moja. Katika chama cha Republican, aliyekataa kwa msimamo alikuwa seneta mmoja tu, Mark Hatfield wa Oregon. Kikarudi 1997, kikakosa tena kura moja. Na mwaka uliofuata, 1998, bajeti ikalingana bila kifungu chochote, ikabaki na ziada miaka minne mfululizo. Uchumi ulikuwa umenawiri, kodi za matajiri zilikuwa zimepandishwa, na matumizi ya jeshi yalikuwa yameshuka baada ya Vita Baridi.

Wajerumani sasa. Kifungu chao cha 2009, wanachokiita breki ya madeni, si cha sifuri kama unavyodhani. Kinairuhusu serikali kuu nakisi ya asilimia 0.35 ya pato la taifa, baada ya kuondoa athari za uchumi kupanda na kushuka, na kina mlango wa dharura. Janga la korona lilipokuja mlango ukafunguliwa. Zikabaki euro bilioni 60 za ruhusa ya kukopa ambazo hazikutumika, na serikali ikazihamishia kwenye mfuko wa mazingira, kama mtu anayebakiwa na pesa za matanga akanunulia mabati. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ikasema hapana. Mwezi mmoja baadaye ruzuku ya magari ya umeme ikafutwa kwa tangazo la siku moja. Aliyekuwa ameshaagiza gari akihesabu punguzo lile akabaki na mahesabu yake. Novemba 2024 serikali ya mseto ikavunjika katika ugomvi wa breki hiyo hiyo, waziri wa fedha akafutwa kazi. Machi 2025, baada ya uchaguzi, bunge la zamani likaitwa haraka kabla jipya halijaapishwa, kwa sababu katika jipya theluthi mbili zisingepatikana. Kwa kura 513 dhidi ya 207 Katiba ikalegezwa: matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa yasihesabiwe, na mfuko wa euro bilioni 500 wa miundombinu ukae nje ya breki.

Mifuko kama hiyo Wajerumani huiita kwa neno ambalo tafsiri yake ni "mali maalumu". Ni deni tupu, lakini jina lake ni mali. Ulipokuwa ukisoma hapo ulikumbuka tozo yetu ya mafuta? Mwaka 2025 serikali yetu ilichukua shilingi 7 katika zile 25 za tozo ya ukarabati wa barabara tunazolipa kwa kila lita, ikauza makusanyo yake ya miaka ijayo ili ipate bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi wa barabara. Wenzako wakalipwa, nami nilifurahi. Kisha yakaanza mabishano: hili ni deni au si deni? Mimi nasema pesa unayoipokea leo na kuilipa kesho, pamoja na faida ya aliyekupa, ina jina moja tu kwa Kiswahili.

Nisiwe mkali upande mmoja. Wanaotaka kifungu chako wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni kwamba anayekopa siye atakayelipa. Gavana ana miaka mitano, rais mitano, hati ya mkopo ina thelathini. Na mtoto wa chekechea anayesoma katika darasa lako hajapiga kura. Katiba yetu yenyewe inalijua hilo: Kifungu cha 201 kinataka mzigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na vijavyo. Sheria za kawaida pia zimeonyesha udhaifu wao. Kiwango cha juu cha deni letu kilikuwa shilingi trilioni 1.2, kikawa 2.5 mwaka 2014, trilioni 9 mwaka 2019, trilioni 10 mwaka 2022, na 2023 kikaacha kuwa shilingi kikawa asilimia 55 ya pato la taifa, deni likipimwa kwa thamani ya sasa. Kila tulipokikaribia dari tuliinua paa. Mtu akiona hivyo akasema tuipeleke kwenye Katiba ambako theluthi mbili za wabunge na maseneta zinahitajika, simshangai.

Tena ipo nchi ilikofaulu. Waswisi walipiga kura ya maoni Desemba 2001, asilimia 85 wakakubali, kanuni ikaanza 2003. Deni la serikali yao kuu lilishuka kutoka karibu faranga bilioni 130 mwaka 2005 hadi chini ya bilioni 100 mwaka 2019. Lakini angalia ilivyo: haidai sifuri kila mwaka, inadai mwaka mnono ufidie mwaka mkavu. Na imewekwa kwa watu ambao viwango vya juu vya kodi zao vimeandikwa katika Katiba, na ambao huitwa kupiga kura mara kadhaa kwa mwaka. Mswisi anayetaka barabara mpya huulizwa papo hapo kama atailipia. Kanuni ilikuta tabia hiyo nyumbani.

Kwetu kifungu cha sifuri kingefanya nini? Bajeti ya kitaifa ya 2025/26 ilikuwa na nakisi ya karibu shilingi bilioni 900. Kaunti zote kwa pamoja zilitengewa mgao wa bilioni 415 mwaka huo. Hata ukizifuta kaunti zote, wauguzi, zahanati, chekechea na kila kitu, hujafika nusu. Riba ya madeni ya zamani huwezi kuigusa, na peke yake inapita trilioni moja. Ukiamua kupandisha kodi badala ya kukata, kumbuka Mswada wa Fedha wa 2024 ulitafuta bilioni 346 tu, na umeniandikia ukianza na yaliyotokea Juni. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kifungu chako kungebaki njia moja rahisi, ile niliyoiona saa tano usiku: Hazina ya Kitaifa ingeandika mapato yasiyokuwepo, jedwali lingekuwa kijani, na foleni yako ya wasiolipwa ingeongezeka mara nyingi.

Na akitokea mwananchi akaenda mahakamani? Sheria ya Fedha ya 2023 ilifutwa na Mahakama ya Rufaa Julai 2024, ikafufuliwa na Mahakama ya Juu Oktoba. Miezi mitatu hiyo hakuna aliyejua kwa hakika ni kodi zipi halali. Sitamani majaji wetu, hata kwa heshima niliyonayo kwao, waamue kila Julai ni wadi gani ikose maji.

Ukiniuliza mimi ningeandika nini, nisingegusa nakisi kwanza. Ningegusa hesabu. Bili yoyote iliyothibitishwa na kukaa siku 90 bila kulipwa ihesabiwe kuwa deni la umma, kwa kaunti na kwa taifa, ikae kwenye ripoti moja na hati za mkopo, na iwe na riba. Hilo lingeondoa raha ya kumkopa mkandarasi. Pili, anayekadiria mapato asiwe anayegawa matumizi. Bwana wa mapato wa ule usiku asingeandika 150 kama namba ya maegesho ingekuwa imeshatoka kwa mtu mwingine, asiye na wadi wala gavana, na imefungwa. Mfuko wa akiba wa mwaka wa ukame ungefuata. Na baada ya hayo, baada ya miaka kadhaa ya kuona deni letu halisi ni kiasi gani, ndipo tungekaa tuzungumzie kikomo cha Kiswisi, chenye kupumua. Huenda ningekipigia kura. Kukifunga leo, wakati hatujakubaliana deni ni nini, ni kununua mizani kabla ya kukamata mkono unaobonyeza sahani.

Kuhusu milioni 3.8 zako. Kaunti hutakiwa kuorodhesha bili zake, na kila ukaguzi unapofanywa bili hugawanywa: zenye nyaraka kamili upande mmoja, zisizo nazo upande mwingine, na hizo za pili hukaa miaka. Andika barua uombe uthibitisho kwamba jina la kampuni yako limo kwenye orodha ya mwaka huu, na kiasi ni kile kile. Ambatisha nakala ya mkataba, LPO, ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, cheti cha kukamilisha kazi, na ankara yenye muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Kama muhuri hauna tarehe, tafuta uliposaini kitabu cha kukabidhi funguo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inatambua riba kwa malipo yaliyochelewa, kwa hiyo soma kipengele cha malipo katika mkataba wako na uidai kwenye barua hiyo hiyo, kwa maandishi. Na usikawie kumwona wakili, maana madai ya mkataba yana ukomo wa muda. Ukiwa pale ofisini, uliza pia mwaka huu wameandika ngapi kwenye maegesho.